Jagi la Shangazi: Herufi Moja, Euro Mbili

Nilimwahidi Shangazi kwamba nitaandika, na ameshanipigia mara tatu kuuliza kama tayari. Basi ni hivi. Mwezi Oktoba mimi na yeye tulinunua jagi la kioo na bilauri nne kwenye duka moja la Rattenberg, jimbo la Tirol, Austria, na jagi likachongwa maandishi. Jina la duka nitalihifadhi, maana kuna kosa nitakalolieleza na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Nyota nimewapa nne kati ya tano. Ile iliyopungua nitasema imekwenda wapi.

Shangazi alikuja kutoka Tanga kunitembelea wiki tatu. Mimi naishi Innsbruck, natunza wazee katika nyumba ya wazee, na siku zangu za mapumziko ni za kubahatisha, kwa hiyo matembezi yetu yote yalikuwa ya treni, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Yeye ni mwalimu mstaafu. Amefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwashika watoto mkono ili waandike. Hilo la mwandiko mlishike, tutalirudia.

Tulishuka kituoni, tukatembea dakika chache, akasimama.

"Mji wenyewe uko wapi?"

"Ndio huu, Shangazi."

"Huu si mtaa?"

Hakukosea sana. Rattenberg ndio mji mdogo kuliko miji yote ya Austria: watu 400 na ushei, eneo la hekta 11. Ukipanga viwanja 15 vya mpira umeshaumaliza, na wachezaji wa akiba hawana pa kukaa. Umebanwa kati ya mto Inn na mlima, hauna pa kutanukia. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, hii ya waridi, ile ya manjano, nyingine kijani kilichopauka, na kuta za mbele zimepandishwa juu mpaka zikaficha mapaa. Miji mingi ya bonde hili imejengwa hivyo. Kuta zile zilikuwa kinga, moto usiruke kutoka paa hili hadi lile. Shangazi alisema zinafanana na wazee waliovuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Ukijiuliza mji wa ukubwa huu ulipata wapi fedha za kujenga hivyo, jibu ni fedha yenyewe. Karne ya 15 na 16 milima ya hapa ilichimbwa fedha na shaba, na Rattenberg ikanona. Mwaka 1504 Mfalme Maximilian wa Kwanza, mtawala wa Tirol, aliichukua kutoka kwa Wabavaria, majirani wa upande wa Ujerumani, na huwezi kumlaumu. Kanisa la parokia, la Mtakatifu Virgil, limejengwa kwa pande mbili sambamba, upande mmoja wa wenye mji, upande wa pili wa wachimba madini. Nilipomweleza Shangazi, ambaye ni Mwislamu lakini majengo ya ibada huyapenda yote, alitazama nguzo za katikati kwa muda. "Kwa hiyo hata mbele ya Mungu walipanga foleni mbili," akasema, akatoka.

Madini yaliisha. Kinachouza siku hizi ni kioo. Ng'ambo ya mto, Kramsach, tanuri za kioo zilikuwako tangu karne ya 17, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja mafundi wa Kijerumani waliofukuzwa Bohemia, kule Chekoslovakia, wakiwa na ujuzi wao mikononi maana mali nyingine waliiacha. Kramsach kuna shule ya ufundi wa kioo mpaka leo. Rattenberg kuna maduka. Na hapa nitoe tahadhari moja kwa atakayekwenda: si kila kinachong'aa kwenye mtaa ule kimepulizwa kwa pumzi ya mtu. Kuna vitu vya mashine vilivyobandikwa maua, na bei yake inajifanya haijui. Uliza. Aliyetengeneza kwa mkono atafurahi kuulizwa, na asiyetengeneza utamwona anaanza kupanga rafu.

Duka tuliloingia ni la dari ya chini, ya kuba, unaingia ukiwa umeinamisha kichwa kana kwamba unasalimia. Rafu zina taa kwa chini, vyombo vinawaka. Mwenye duka ni mwanamke wa makamo, aproni ya rangi ya majivu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alituamkia kwa kilahaja cha kwao, "Griaß enk," na ile k ya Watirol inayotoka kooni kama mtu anayetaka kutoa mwiba wa samaki. Shangazi akaitikia, "Ahsante."

Kwa kuwa nimefika kwenye bidhaa yenyewe, acha niseme kwa urefu kidogo. Jagi lilikuwa la lita moja na nusu, kioo cheupe, mpini mnene uliopachikwa ukiwa bado moto, na juu ya mpini pana kidole cha kioo kilichokunjwa nyuma, pale fundi alipokatia. Shangazi aliligonga kwa ukucha, likalia, akalisikiliza mpaka mlio ulipokwisha. Kisha akauliza swali la kimwalimu: "Nitajuaje kama halikutoka kiwandani?"

Fundi, nitamwita hivyo, alilipindua. Chini kabisa katikati palikuwa na duara dogo lililosagwa laini, ukubwa wa kifungo cha shati. Akaeleza, nami nikatafsiri, kwamba chombo kikishapulizwa hushikwa kwa fimbo ya chuma chini ili mdomo utengenezwe, na kikimalizika hukatwa kwenye ile fimbo. Kovu lake ndilo hilo, husagwa lisichane meza. Akatuonyesha na kipovu kimoja cha hewa karibu na mpini, kidogo kama punje ya ulezi. Duka lao halina tanuri. Huletewa vyombo na mpulizaji, wao kazi yao ni kuchonga. Lakini aliijua safari yote: kioo huyeyushwa kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,000, na kikishapata umbo hakiachwi kipoe chenyewe, kitapasuka, bali huingizwa tanuri nyingine kipozwe taratibu kwa saa nyingi. Shangazi akatikisa kichwa. "Kama mzazi," akasema. Hilo sikulitafsiri, nilikuwa sijui kama anamaanisha mzazi anayelea au aliyetoka kujifungua.

Jagi euro 78. Bilauri euro 19 moja, tukachukua nne. Bei haishuki, Shangazi alijaribu kwa Kiswahili, kwa vidole na kwa uso wa huzuni, haikushuka. Huko si soko la Tangamano, kwetu Tanga.

Kuchonga maandishi ni euro 2 kwa herufi.

Hapo ndipo mwalimu alipoamka. Alikuwa ameshaamua anataka jagi la kukaa sebuleni, mgeni akija amiminiwe juisi, na kwenye jagi pasomeke *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Akahesabu kwa vidole, akaandika hewani, akahesabu tena. Herufi 22. Euro 44 za maneno matupu! Nikamshauri aandikiwe *Karibu*, euro 12 tu. Akanitazama kama niliyemwambia apike pilau bila bizari. Kisha akanituma nimwambie fundi hivi: Kijerumani kina herufi zenye vinukta viwili juu, Kiswahili hatuna hivyo, kwa hiyo kazi yetu ni nyepesi, atupunguzie. Nilitafsiri nikiwa natazama sakafu. Fundi alicheka, akasema vinukta huwa havihesabu, ni zawadi.

Lakini alichokitoa baadaye kilizidi punguzo. Alisema si lazima achonge kwa mwandiko wa dukani. Kama Shangazi ataandika mwenyewe kwenye karatasi, yeye atanakili mwandiko wake vile vile ulivyo. Sikuona duka jingine mtaani likitoa huduma hiyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwenda hapo. Chombo kizuri kinapatikana kwingi. Mkono wa shangazi yako juu ya kioo haupatikani.

Shangazi aliomba kiti. Akavaa miwani. Akapewa kalamu na karatasi ya oda, na karatasi yenyewe, Mungu awasamehe, ilikuwa ukubwa wa tiketi ya basi. Akaandika kwa ile herufi ya kuunganisha, ya daftari la mistari miwili, yenye tumbo na mkia. *Mgeni njoo* ikatoka kama chapa. *Mwenyeji* ikanenepa. Kufika mwisho karatasi ikawa inakwisha, neno la nne likalazimika kujibana kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Akalipuliza wino ukauke, akalikabidhi. Tukaambiwa turudi saa nane.

Kabla ya kutoka fundi alituonyesha kazi inavyokwenda, akachonga mstari mmoja kwenye kipande kibovu. Mashine yake ni mhimili unaozunguka, na kwenye ncha hufungwa kigurudumu cha shaba. Anavyo vingi kwenye ubao, vingine vipana kama sarafu, vingine kama kichwa cha pini. Kigurudumu hupakwa unga mkali uliochanganywa na mafuta, na huo unga ndio unaokula kioo, shaba inausukuma tu. Cha ajabu ni kwamba chombo hushikwa chini ya gurudumu, kinasukumwa juu, na uji mweusi wa mafuta unafunika pale pale panapochongwa. Yaani haoni anachoandika. Anasogeza kidogo, anafuta kwa kidole gumba, anatazama, anarudisha. Kinachobaki ni alama nyeupe kama ukungu, ukiipapasa inakwaruza kidogo sana, kama ulimi wa paka. Sikio ndilo linalomwambia amekwenda kina gani. Nilisimama hapo kama mtoto, mpaka Shangazi akanivuta mkono, njaa.

Chakula tulikula mahali pengine, nako sitakutaja. Shangazi alitaka kitu kisicho na nguruwe, na Tirol hilo ni swali la kuuliza mara mbili, maana vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa hujificha hata kwenye viazi vya kukaanga. Akapata samaki wa maji baridi, mzima, amekaangwa kwa siagi. Mimi nilikula Kasspatzln, vile vinyunya vya unga vilivyozamishwa kwenye jibini, na vitunguu vya kukaanga juu. Ukila sahani moja unashiba mpaka kesho kutwa. Vyote vizuri. Ila ilipokuja hesabu, maji ya bomba, mawili, yamelipiwa. Maji ya bomba! Mlima unayatiririsha bure usiku na mchana. Shangazi aliomba nimsomee ule mstari tena. "Maji?" "Maji, Shangazi." Akakunja risiti, akaitia mkobani kama ushahidi. (Risiti kule lazima upewe, na lazima uichukue, ni sheria tangu 2016. Yeye alizichukua zote.)

Tulikuwa na saa moja ya kupoteza, nikamsimulia habari za Notburga. Ni mtakatifu wa wafanyakazi wa nyumbani, alizaliwa Rattenberg yapata mwaka 1265. Alikuwa mpishi kwenye ngome ya wakubwa, akawa anawapa maskini mabaki ya chakula. Bibi mwenye nyumba akakataza, mabaki yapewe nguruwe. Notburga akaanza kuwapa maskini sehemu yake mwenyewe, akafukuzwa. Akaenda kuajiriwa na mkulima kijiji cha Eben, kule juu, kwa sharti kwamba kengele ya jioni ya kuamkia sikukuu ikilia, anaweka chini mundu akasali. Siku moja mkulima akamwambia aendelee kuvuna. Akaurusha mundu juu, ukabaki unaning'inia hewani kwenye mwale wa jua. Alifariki 1313, na picha zake nyingi zina mundu.

Shangazi alisikiliza kwa makini. Kwake nyumbani ameishi na wasichana wa kazi wengi, na wote alihakikisha wamejua kusoma. "Huyo bibi wa nguruwe ninamjua," akasema, akamtaja jirani yake wa zamani, jina nalimeza. Halafu akatazama juu. Ilikuwa bado mchana, na kivuli cha mlima kilikuwa kimeshakata mtaa katikati, upande wa pili ndio wenye jua, upande wetu baridi ya friji. Nikamwambia miezi ya baridi hali ni mbaya zaidi, mlima uko kusini, jua linapita nyuma yake na mji haulioni kabisa, wakati Kramsach ng'ambo ya mto wanaota. Miaka ya 2005 hivi palikuwa na mpango wa kuweka vioo vikubwa upande wa Kramsach, virudishe jua mtaani. Havikuwekwa. Mji unaouza kioo ukakosa vioo.

"Sasa huyo binti mundu angeutundika wapi hapa?" Shangazi akauliza. "Ndiyo maana alihama."

Saa nane na robo tulikuwa dukani. Jagi lilikuwa juu ya kitambaa cheusi, limefutwa, limegeuzwa kuelekea mlangoni. Nikiri kwamba koo lilinikaba. Ule mkono ulikuwa wake kweli, ile G ya *Mgeni* yenye mkia unaojikunja ndio ule ule wa barua alizokuwa akiniandikia nikiwa bweni. Shangazi alivaa miwani, akasogea, akasoma kwa midomo bila sauti. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo. Akaniita kwa jina langu lote, la ubini.

"Hebu soma wewe, mwanangu."

*Mgeni njoo, mwenyeji apore.*

Nilisoma mara mbili. Ile n ya mwisho, iliyobanwa ukingoni mwa karatasi, ilipoteza mguu wa pili, na fundi alichonga alichokiona. Apore! Mgeni njoo, mwenyeji akupore. Na mkobani tulikuwa na risiti ya maji ya bomba.

Shangazi hakucheka mwanzoni. Suala lilikuwa zito, lilikuwa la mwandiko. Alidai karatasi iletwe. Ikaletwa. Wote watatu tuliinama juu ya ile karatasi, fundi na lenzi yake, Shangazi na kidole chake. "Hii ni n," akasema Shangazi. "Nimefundisha n miaka 31." Fundi akasema kwa heshima kwamba yeye anaona r, na kwamba kwao shuleni r huandikwa karibu hivyo hivyo. Nikawekwa katikati niamue. Mimi ninayekula kwa huyu na kulala kwa yule! Nikasema karatasi ilikuwa ndogo. Ndiyo ukweli, na ndiko nyota moja ilikokwenda: mtu anayelipisha herufi euro mbili amnunulie mteja karatasi ya kutosha, na amsomee herufi moja moja kabla hajaanza. Lugha usiyoijua huwezi kuikisia.

Kisha fundi akauliza, lakini limegeuka kuwa nini? Neno hilo lina maana?

Nikamweleza. Methali yetu inasema mgeni aje ili mwenyeji apate nafuu, apate heri. Na hii sasa inasema mgeni aje ili mwenyeji amnyang'anye. Fundi alinyamaza. Akatazama jagi, akatazama nje kwenye mtaa wa maduka, watalii wanapita na mifuko. Kisha kicheko kilimtoka, akaegemea meza, akajifuta macho kwa aproni. Hapo ndipo Shangazi naye akaachia, na akicheka Shangazi hucheka kwa mabega, bila sauti, mpaka umshike.

Fundi alipotulia alituonyesha kwa nini jagi haliwezi kurekebishwa. Kioo kilichochongwa hakifutiki. Unaweza kuongeza tu, na r kuwa n inataka kuongezwa mguu mmoja. Lakini ile e imeshakaa pale pale ambapo mguu ungeshuka, nafasi hakuna hata ya unywele. Akasema atachonga jingine, bila malipo. La umbo lile lile halikuwapo, vya mkono havifanani, Shangazi akachagua lenye shingo fupi kidogo. Safari hii ilitolewa karatasi nzima ya A4. Shangazi aliandika *apone* kubwa, kisha pembeni akaandika n peke yake, akaizungushia duara, na chini yake r, akaipiga mkasi. Alichobakiza ni kuweka alama nyekundu.

Tulisubiri mpaka karibu saa kumi na mbili, wakati wa kufunga. Na katika kusubiri huko ndipo nilipojua watu 400 maana yake nini. Aliingia mzee wa duka la jirani kuazima gundi, akasimuliwa. Akaingia mama mmoja na mbwa, mzee akamsimulia. Nilipokwenda kununua mkate dukani, muuzaji alinitazama, akatazama ngozi yangu, akaunganisha mawili na mawili, akasema kwa tahadhari ya mtu anayejaribu lugha, "Apore?" Nilikuwa nimetoka kwa fundi dakika ishirini zilizopita. Watu wa bonde hili wanasifika kwa ukimya, na wazee wangu kazini kweli wanaweza kukaa asubuhi nzima wasitoe maneno kumi. Lakini wape kitu cha kuchekea jirani yao uone.

Kuhusu malipo na mzigo, kwa faida ya wenye wageni. Jumla ilikuwa euro 198. Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kudai VAT yake, asilimia 20, mradi manunuzi yazidi euro 75. Omba fomu hapo hapo dukani, uwe na pasipoti. Kwenye 198 kodi ni 33, lakini kampuni ya kurudisha hukata chake, Shangazi alipata pungufu ya hapo. Fomu hugongwa muhuri forodhani unapotoka Ulaya, sisi ilikuwa uwanja wa ndege wa München, na wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe, kwa hiyo usikimbilie kukabidhi begi. Jagi alilipakata mkononi mpaka nyumbani. Bilauri zilikwenda kwenye begi kubwa, ndani ya boksi la dukani, na boksi ni jembamba. Moja ilifika Tanga imemeguka mdomo. Niliwatumia picha bila matumaini makubwa. Kule sheria inakupa miaka 2 ya kudai dosari, lakini bilauri ilitoka kwao nzima, sikuwa na la kudai. Walijibu siku ya pili kwamba kufunga mzigo ilikuwa kazi yao, wakaleta nyingine kwangu Innsbruck kwa posta, imefungwa hadi nikahitaji kisu. Hiyo ninayo mimi. Ndiyo ninayonywea maji ya bomba, bure.

Ulibaki mjadala wa jagi la kwanza. Shangazi alilitaka, alisema angelificha, awe analitoa akija yule jirani wa nguruwe. Fundi naye alilitaka. Mwishowe Shangazi alimwachia, kwa masharti kwamba lisiuzwe.

Januari nilipata siku ya mapumziko, nikapita Rattenberg peke yangu. Kramsach jua linawaka juu ya theluji. Mtaa wetu ulikuwa wa buluu, kivuli kitupu kutoka kituoni mpaka mwisho, madirisha ya maduka yamewashwa taa saa sita mchana. Jagi liko kando ya mashine ya fedha, limetiwa kalamu na mkasi, maandishi yametazama wateja. Nikamuuliza fundi, watu hawaulizi limeandikwa nini?

"Wanauliza kila siku," akasema. "Nawaambia walipe kwanza, halafu nitawatafsiria."